1er BEP kuangamizwa mara mbili, 1950 na 1954: tatizo lilikuwa kikosi chenyewe au namna kilivyotumiwa?

Ramani_Mezani

Salaam wakuu. Naomba msaada wenu kuhusu vita ya Ufaransa kule Indochina.

Batalioni ya kwanza ya miavuli ya Lejioni ya Kigeni, 1er BEP, iliundwa Algeria mwaka 1948 na ikafika Tonkin (kaskazini mwa Vietnam) kabla mwaka huo haujaisha. Oktoba 1950 ikafutika kwenye Barabara ya Kikoloni Na. 4, ile RC4 ya mpakani na China. Machi 1951 ikaundwa upya, na Mei 1954 ikafutika tena Dien Bien Phu, ngome ya Wafaransa kaskazini-magharibi mwa Vietnam. Wakati huohuo kila anayeiandika anaitaja kuwa miongoni mwa vikosi bora kabisa vya vita ile.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, kikosi bora kinawezaje kumalizika mara mbili ndani ya miaka minne, tena mbele ya adui yuleyule? Pili, pale Dien Bien Phu, kwa nini Hanoi, yaani makamanda wa Kifaransa waliokuwa huko, haikumwaga batalioni nyingine nne au tano kwa mkupuo mmoja badala ya kuzitoa kwa vijisehemu? Tatu, je, silaha za askari wa miavuli zilikuwa nyepesi mno kwa vita ya namna ile?

Sitafuti sifa za kishujaa, hizo zimejaa kila mahali. Natafuta sababu.

Kombania_Nne

Mkuu, anza na RC4, kwa sababu pale makosa yanaonekana bila pazia.

Barabara yenyewe inatoka Cao Bang, inashuka Dong Khe (kama km 45), kisha That Khe (kama km 25 nyingine), halafu Lang Son. Baada ya Wakomunisti kushinda China mwaka 1949, Viet Minh (wapiganaji wa Vietnam walioongozwa na Wakomunisti) walipata ng'ambo ya mpaka mahali pa kufundishia askari na kupokelea mizinga. Tarehe 18 Septemba 1950 Dong Khe ikaanguka, na Cao Bang ikawa imekatika upande wa kusini. 1er BEP ikarushwa That Khe siku hizohizo.

Mpango ulikuwa hivi: Luteni Kanali Charton aondoke Cao Bang kuelekea kusini, na Luteni Kanali Le Page apande kutoka That Khe akiwa na 1er BEP na batalioni za Wamoroko, airudishe Dong Khe, wakutane njiani. Kwenye karatasi unaeleweka. Lakini Le Page alikuwa ofisa wa mizinga aliyetumwa bila mizinga, na lengo halisi la safari yake hakuambiwa mpaka tarehe 2 Oktoba, akiwa tayari yupo mapiganoni. Charton naye akatoka Cao Bang tarehe 3 na magari, mizinga na raia wengi. Alipofika Nam Nang ikabidi aviharibu vyote na kuingia njia ya miguu.

Jioni ya tarehe 1, Meja Segrétain, kamanda wa 1er BEP, na msaidizi wake Kapteni Jeanpierre walitaka kuishambulia Dong Khe papo hapo, kabla adui hajajipanga. Le Page akasubiri kesho yake. Kesho yake nafasi haikuwepo tena. Ndipo amri mpya ikaja: izungukeni Dong Khe kwa upande wa magharibi, mkampokee Charton. Maana yake waingie kwenye vilima vya mawe ya chokaa vyenye msitu, bila barabara, bila ramani ya kutegemewa, na ukungu ukizizuia ndege.

Hapo ndipo hesabu ya majeruhi inapoanza kuua batalioni, na watu wengi huiruka. Machela moja inahitaji watu wanne, na kwenye miteremko ile wanahitajika wanne wengine wa kupokezana. Chukua batalioni ya watu 500 yenye majeruhi 60 wasioweza kutembea: watu 240 wana mikono iliyoshika machela badala ya bunduki, na hujawahesabu hao wa kupokezana. Kila saa ya mapigano inaongeza machela na inapunguza bunduki. Kikosi cha miguu chenye barabara nyuma yake kinawapakia majeruhi kwenye lori na kuendelea. 1er BEP ilikuwa imepewa kazi ya kulinda mkia wa msafara pale Na Keo, kwa hiyo majeruhi wake ndio waliokuwa mbali zaidi na msaada wowote.

Le Page akaishia kwenye shimo la bonde la Coc Xa, lililozungukwa na magenge, njia ya kutokea ikiwa moja, nyembamba, inayoshuka kwenye chemchemi. Viet Minh walikuwa wameshaikalia. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 7 Oktoba, nani akaambiwa afungue njia? Ileile 1er BEP iliyolinda mkia siku zote zile. Waliifungua, na sehemu kubwa ya batalioni ikabaki palepale kwenye korongo. Wengine walishuka magenge kwa kushikilia mizabibu ya mwituni. Waliovuka wakamkuta Charton juu ya vilima, na mkanganyiko wa watu waliokuwa wakikimbia ukaivuruga hata ngome yake. Makundi yote mawili yakaisha siku hiyo. Segrétain akafa kwa majeraha. Jeanpierre akafika That Khe na watu wasiozidi 30.

Kisha tarehe 8, wakati mambo yameshaharibika, Hanoi ikairusha That Khe batalioni nyingine ya miavuli, 3e BCCP, pamoja na askari wa nyongeza wa 1er BEP. Nao wakamezwa kwenye kurudi nyuma kuelekea Lang Son. Wiki moja na ushei baadaye Lang Son yenyewe ikaachwa, maghala ya silaha yakiwa mazima.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kusita: kikosi hakikuwa na tatizo. Kilitumiwa kuwa nyundo ya mbele na ngao ya nyuma katika safari moja, chini ya makamanda waliopewa taarifa nusu nusu, na watu waliopaswa kuwajibika kwa hayo walikuwa Lang Son na makao makuu, hawakuwa Coc Xa.

Mwamvuli_Wazi

Nichukue swali la pili, maana jibu lake linatokana na hesabu ya kuruka.

Dakota, yaani ndege ya usafirishaji C-47, wakati wa kurusha huenda kwa kasi ya kama km 170 kwa saa, sawa na mita 47 kila sekunde. Mkiruka mmoja kila sekunde, watu 24 wanatandazwa kwenye mstari wa zaidi ya kilomita moja. Kwa hiyo unahitaji uwanja mrefu, mkavu, usio na adui. Tarehe 20 Novemba 1953, Operesheni Castor ilipoanza, Dien Bien Phu ilikuwa nao: bonde la mashamba ya mpunga lenye urefu wa kama km 16. Dakota 65 zikamwaga batalioni mbili za miavuli, 6e BPC ya Meja Bigeard kwenye uwanja wa Natacha, kaskazini, na II/1er RCP ya Meja Bréchignac kwenye Simone, kusini. 1er BPC, batalioni nyingine ya miavuli, ikafuata mchana. 1er BEP na 8e BPC ziliruka kesho yake.

Hata siku ile, adui akiwa mchache, batalioni ya Bréchignac ilitawanyika mbali kusini mwa Simone. Mpaka watu wajikusanye, njia ya kusini ilibaki wazi na askari wa Viet Minh waliokuwa kijijini wakaponyoka. Kutawanyika ndio ugonjwa wa kudumu wa kuruka kwa Dakota: platuni ipo hapa, mota (mzinga mdogo wa kurushia mabomu) ipo mita 600 kule, mabomu ya mota yapo kwenye mfuko mwingine uliodondokea ng'ambo ya mto.

Sasa leta Aprili 1954. Eneo lililobaki mikononi mwa Wafaransa lilikuwa chini ya kilomita mbili kutoka upande mmoja hadi mwingine, limejaa seng'enge, mahandaki na mabaki ya ndege, na mizinga ya 37 mm ya kutungulia ndege imelizunguka. Kipande salama cha kudondoshea watu kikiwa na urefu wa mita 250, kila mpito mmoja wa ndege unatoa watu watano. Ndege yenye watu 24 inabidi ipite mara tano, usiku, juu ya mstari uleule ambao mpiga mzinga ameshauzoea. Zidisha kwa ndege 25 au 30 za batalioni moja, upate karibu mipito 150. Usiku wenye mvua au mawingu haukubali hayo. Ndiyo maana II/1er RCP ilichukua siku kadhaa kuingia mwanzoni mwa Aprili, 2e BEP, batalioni ya pili ya miavuli ya Lejioni, ikaingia kati ya tarehe 9 na 11, na 1er BPC iliyoanza tarehe 2 Mei haikukamilika mpaka ngome inaanguka.

Ilikuwepo pia hoja iliyopoteza muda bure. Hanoi ilishikilia kwamba lazima uwanja wa kurukia uwe wa kawaida na mrukaji awe na cheti. Langlais, aliyekuwa anaongoza mapigano ndani ya ngome, alidai watu waangushwe katikati ya ngome yenyewe, juu ya seng'enge na mahandaki, na aletewe hata waliojitolea bila kuwahi kuruka. Alipokubaliwa, mamia ya wapiga mizinga, mafundi wa redio na askari wa kawaida waliruka kwa mara ya kwanza maishani mwao, usiku, ndani ya ngome iliyozingirwa. Kiwango cha kuvunjika miguu hakikuwa kibaya kuliko cha wenye vyeti. Ukiwa na waya unaovuta mwamvuli ufunguke wenyewe, kinachohitajika mlangoni ni ujasiri na miguu iliyobanwa pamoja wakati wa kutua. Mafunzo marefu ya miavuli faida yake iko kwenye kujikusanya na kupigana baada ya kutua, na ndani ya ngome kazi hiyo ya kujikusanya inakuwa ndogo.

Mizigo nayo ina hesabu yake. Mwamvuli uliofunguka mita 200 juu, ukishuka mita 6 kwa sekunde, unakaa hewani sekunde 33. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unausogeza mita 165, na hilo linavumilika. Lakini mizinga ya 37 mm ilizisukuma ndege za mizigo hadi karibu mita 3,000. Mwamvuli ukifunguka huko juu unasafiri kilomita mbili na nusu, moja kwa moja mikononi mwa Viet Minh. Wakaweka vichelewesho vya baruti ili mwamvuli ufunguke chini. Vikiwahi, mzigo unapeperuka. Visipofanya kazi, tani ya risasi inapiga ardhi kama bomu. Mabomu ya 105 mm yaliyopotea hivi yalirudi kwa Wafaransa kupitia midomo ya mizinga ya 105 ya Viet Minh, kwa sababu kipenyo ni kilekile.

Ramani_Mezani

Shukrani sana wakuu, hii ya mipito ya ndege imenifungua macho. Nyongeza moja: Na San mwishoni mwa 1952 ilikuwa ngome ya namna hiyohiyo, ikapewa chakula na risasi kwa ndege, na ikashinda. Kwa nini kule iliwezekana? Na swali la tatu la silaha bado halijaguswa.

Bonde_la_NamYum

Na San na Dien Bien Phu zinafanana kwa mbali tu. Na San ilishambuliwa mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba 1952 na adui asiye na mizinga mizito ya kuufikia na kuufunga uwanja wa ndege. Kwa hiyo Dakota zilitua, zikashusha shehena, zikaondoka na majeruhi. Ngome ikipotea usiku, batalioni za miavuli, zikiwemo za Lejioni, ziliirudisha asubuhi chini ya kifuniko cha mizinga yao, kisha zikarudi kupumzika. Agosti 1953 ngome nzima ikaondolewa kwa ndege bila adui kung'amua. Mafanikio yale yaliwadanganya wakuu wa Hanoi kuliko kushindwa kokote.

Dien Bien Phu adui alikuja na Divisheni ya 351 yenye mizinga ya 105 mm, akaichimbia kwenye miteremko inayotazama bonde. Uwanja wa ndege ulifungwa mwishoni mwa Machi. Tangu hapo majeruhi hakuondoka, na batalioni ya akiba haikuwa na mahali pa kupumzikia ambapo bomu halifiki.

Batalioni za akiba mwanzoni zilikuwa mbili tu, 1er BEP na 8e BPC, baada ya zile nyingine kurudishwa Hanoi kati ya Desemba na Januari. Utaratibu wa shambulio la kujibu ni huu: ngome ikianguka saa 8 usiku, upige kabla ya saa 12 asubuhi, maana adui hajachimba upya, hajaweka bombomu (bunduki za rashasha) zake, na simu zake hazijaunganishwa. Ukichelewa hadi saa 4 asubuhi unashambulia ngome uliyoijenga mwenyewe kwa saruji na mbao zako. Tarehe 15 Machi, Gabrielle, mojawapo ya ngome ndogo za Dien Bien Phu (kama Eliane na Huguette), ilipokuwa inakufa, kombania za 1er BEP zilitoka na vifaru vya Chaffee, na 5e BPVN, batalioni ya miavuli ya Wavietnamu, ikaambiwa ifuate. Batalioni hiyo ilikuwa imetua kwa miavuli jana yake tu, ikakesha kwenye handaki, na njia haikuwa inaijua gizani. Ilikwama kwenye kivuko cha mto chini ya mabomu. Wakalaumiwa kwa woga. Lawama ile si ya haki kabisa: aliyechagua batalioni iliyochoka kuliko zote ndiye aliyepaswa kuulizwa.

Linganisha na Eliane 1 tarehe 10 Aprili. Bigeard alikaa Eliane 4 na redio kadhaa, kila kombania na mizinga ikiwa na yake, akaongoza kila kitu kwa sauti. Mizinga ilipiga kwa muda mfupi, kisha watu wa 6e BPC wakapanda kwa makundi madogo, wakivipita vishimo vinavyopiga badala ya kusimama kupambana navyo, na mrusha moto akifuata kuvisafisha. Mlima ukarudi, na ulishikiliwa hadi mwanzoni mwa Mei.

Halafu Huguette 1, tarehe 23 Aprili, mchana. Kazi ilipewa 2e BEP. Batalioni ilichelewa kufika kwenye mstari wa kuanzia, ndege zikawa zimeshamaliza kudondosha mabomu, adui akainua kichwa. Bombomu lililofichwa kwenye mabaki ya ndege kando ya njia ya kurukia ndege likawakata ubavuni. Kamanda wao alikuwa kwenye redio iliyotegwa masafa yasiyo sahihi, hasikii kombania zake zikilia. Bigeard, aliyekuwa amelala kwa uchovu, aliamshwa na kufika kwa jipu, akasimamisha shambulio. Wakati huo watu kama 150 walikuwa wameshaanguka. Askari wa miavuli wa aina ileile, ujasiri uleule; kilichotofautiana ni redio moja. Siku zilizofuata mabaki ya 1er BEP na 2e BEP yakaunganishwa kuwa batalioni moja chini ya Meja Guiraud.

Swali la silaha: kwa uvamizi wa siku tatu zilitosha, na zaidi. Bastola-rashasha ya MAT-49 ya 9 mm inakunja magazini yake mbele, inaruka bila usumbufu, na ndani ya mita 100 inaua. FM 24/29 yenye magazini ya risasi 25 ndiyo iliyokuwa roho ya kundi. Juu yake mota za 60 mm na mizinga ya 57 mm isiyorudi nyuma. Ona Lang Son, Julai 1953: 6e BPC na 8e ziliruka, zikalipua maghala ya mapangoni, 2e BEP ikashika kivuko cha Loc Binh, wote wakatoka kwa miguu hadi pwani. Joto liliwaua baadhi njiani, lakini kazi ilikwisha kabla adui hajakusanya divisheni. Hiyo ndiyo kazi silaha zile zilitengenezewa. Kukaa siku 56 kwenye handaki lenye maji mbele ya mizinga ya 105 kunahitaji koleo, mbao, saruji na mizinga mingi zaidi, na hivyo havibebwi kifuani mwa mrukaji.

Beti_Nyekundu

Naongeza jambo ambalo huachwa pembeni: kufikia 1953 batalioni nyingi za miavuli za Ufaransa zilikuwa na Wavietnamu wengi ndani yake, hata zile zenye majina ya kikoloni. Lejioni nayo ilikuwa na kombania ya Waindochina. Ukisoma "Wafaransa waliruka", mara nyingi sehemu kubwa ya waliokuwa mlangoni mwa ndege walizaliwa Tonkin au Annam (Vietnam ya kati).

Na ile 5e BPVN iliyotajwa hapo juu kwa habari ya kivuko ilirudi kupigana vizuri sana. Usiku wa 10 Aprili, Viet Minh walipopiga tena Eliane 1, kombania zilizokonda za Lejioni zilipanda zikiimba nyimbo zao. Nyuma yao wakaja Wavietnamu wa 5e BPVN. Batalioni ilikuwa changa, haina wimbo wake wa vita, kwa hiyo wakapanda mlima wakiimba wimbo wa taifa la Ufaransa. Adui akatimuliwa.

Ngome ilipoanguka tarehe 7 Mei, mateka walikuwa kama 10,000, na takriban theluthi moja tu ndio waliorejeshwa miezi minne baadaye. Hesabu hiyo ina pengo kubwa upande wa Wavietnamu, kwa sababu wao hawakukabidhiwa kwa Wafaransa na hatima ya wengi haikuandikwa popote. Batalioni za Kivietnamu zilizokuwa nje ya bonde lile ndizo zilizozaa jeshi la miavuli la Vietnam Kusini, brigedi mwaka 1959 na divisheni mwaka 1965. Nalo likatumiwa vilevile, akiba ya taifa zima inayokimbizwa kila panapowaka. Februari 1971, huko Laos, Brigedi ya 3 iliwekwa juu ya Kilima 31 kungoja adui mwenye vifaru na mizinga, ikitegemea helikopta kwa maji na risasi. Tarehe 25 makao yake makuu yakatekwa pamoja na kamanda wake, Kanali Nguyen Van Tho.

Mkuu Ramani_Mezani, ukitaka kuendelea na uchunguzi wako, weka mezani ramani ya Na San, ya Dien Bien Phu na ya Kilima 31, kisha kwa kila moja pima umbali wa mzinga wa adui ulio karibu zaidi na mahali ndege au helikopta inapotua.